Mtwara tuliimba gesi haitoki, ya huyu kichanga naomba itoke

#1 Baba wa Chuno

Wakuu habari za usiku. Kichwa ni ule wimbo wetu wa kugomea gesi asilia ya Mtwara kupelekwa Dar. Naandika saa 8 usiku nimekaa barazani, Chuno, hapa Mtwara mjini. Mtoto kalala dakika kumi zilizopita na sithubutu hata kusogeza kiti.

Ana siku 22. Ni mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, kazaliwa na kilo 3.1, mama yake kajifungua kawaida. Shida yenyewe ni hii: jua likishazama tu, kama saa 1 hivi, anaanza kujinyonganyonga kama mtu anayevua shati lililombana. Uso unaiva mpaka masikio, ngumi kazikunja, magoti kayavuta karibu na kitovu. Halafu ndipo kilio chenyewe kinakuja. Anajamba kidogo, ananyamaza kama anayesikiliza kitu, tunatazamana na mama yake, tunapata matumaini, anaanza upya. Ni hivyo mpaka saa 5, siku nyingine saa 7. Mchana ni mpole kabisa. Wageni wanakuja wanasema "jamani katulivu haka", nabaki natamani kuwatandikia mkeka walale.

Nimenunua gripe water duka la dawa, muuzaji hakuuliza hata mtoto ana umri gani. Nimenunua na matone ya gesi. Sioni tofauti. Sasa mama mkwe kashuka kutoka Newala kuja kumkanda binti yake, anasema huo ni mchango, yaani maradhi ya tumbo la vichanga, watoto wote wa ukoo wao wanaupata. Kaja na mizizi kaifunga kwenye kitambaa, anataka aichemshe ampe kijiko asubuhi na kijiko jioni. Isiposaidia, kuna mzee anachanja chale. Mke wangu yuko katikati, analia na yeye. Mkwe simkatalii usoni, lakini moyo wangu haukubali.

Mwenye uzoefu aseme. Nina siku moja au mbili kabla sufuria halijawekwa jikoni.

#2 Korosho Ghafi

Pole mkuu, ila kichwa cha uzi kimenichekesha. Mvutie bomba mpaka Dar kama lile la gesi la Madimba.

Wa kwangu alikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nampakia na mama yake kwenye bajaji tunakwenda mpaka Mikindani. Tukifika pale barabara inapoanza kuuona mwambao wa ghuba, kashalala. Nikizima injini, anaamka. Nilichoma mafuta mwezi ule kuliko msimu mzima wa mnada wa korosho.

#3 Mama wa Wanne

Baba wa Chuno, pole. Nyie mkipata mtoto wa kwanza mnadhani ni wenu tu duniani anayelia. Niko Lindi, nimelea wanne, wawili walikuwa na tumbo hilo, wawili hawakuwa nalo, na nyumba ni ileile na titi ni lilelile. Kwa hiyo mkeo asijilaumu.

Mambo ya kufanya kwa mikono ni haya. Kwanza mcheulishe, tena vizuri. Siyo kumpiga mgongoni mara tatu ukamlaza. Mweke wima begani, kidevu chake kipite bega lako, tumbo lake likandamizwe kidogo na mfupa wa bega, umsugue mgongo kutoka chini kwenda juu. Mpe dakika kumi, hata robo saa. Usisubiri amalize kunyonya, mcheulishe na pale mama anapobadilisha titi. Na asipocheua, si lazima, wengine hawakumeza hewa safari hiyo.

Akianza kujinyonga, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba: shavu lake karibu na kiwiko chako, miguu ining'inie huku na huku, kiganja chako kishike kati ya mapaja. Uzito wake mwenyewe ndio unaominya tumbo. Tembea naye hivyo uwanjani. Baba zao wana mikono mirefu kuliko sisi, hii ni kazi yako kaka, usimwachie mkeo.

Akitulia, mlaze chali umchezeshe miguu kama anaendesha baiskeli, polepole, halafu yasogeze magoti yote mawili tumboni, hesabu mpaka tano, achia. Hapo ndipo utasikia mlio. Tumbo umkande kwa mafuta kidogo ya nazi, vidole viwili, ukizunguka kitovu kwa kufuata mshale wa saa, maana utumbo mpana unakwenda hivyo. Usifanye akiwa katoka kunyonya, atakurudishia maziwa yote kifuani.

Na kanga yenye joto. Ipige pasi, ikunje, ijaribu kwenye shavu lako mwenyewe kwanza, ndipo umwekee tumboni. Chupa ya maji ya moto usiweke, nimeona mtoto wa jirani kababuka.

Kifudifudi ni akiwa macho na yuko mikononi mwako tu. Kulala ni chali, kila mara, hata kama kifudifudi ndiko kunamnyamazisha.

#4 Baba wa Chuno

Dada asante sana. Nimemweka kama nguo kwenye kamba, kanyamaza dakika 20! Kisha akaendelea. Lakini dakika 20 ni mali.

Swali: mama mkwe kamkataza mke wangu mbaazi, kunde, maharage, kabichi, pweza na pilipili. Anasema gesi ya mama inapitia kwenye maziwa. Sasa kwa mtu wa Newala, ukitoa mbaazi na kunde unabaki na nini? Anakunywa uji tu, kakonda.

#5 Nesi wa Zamu

Ni mkunga, niko huku huku Kusini. Naandika kwa vipande maana nina zamu.

Baba wa Chuno, kabla ya yote nijibu haya: anakojoa mara ngapi kwa siku? Anapata choo? Ulimpima joto? Kadi yake ya kliniki inasema uzito wa sasa ni kiasi gani? Mtoto anayenyonya vizuri, mwenye nepi za mkojo sita au zaidi kwa siku, anayepanda uzito, asiye na homa, kilio chake cha jioni mara nyingi si ugonjwa. Kule Marekani mwaka 1954 daktari Morris Wessel na wenzake waliweka kipimo ambacho wengi bado wanakikumbuka: kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3, kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima. Chanzo hasa mpaka leo kinabishaniwa. Gesi unayoisikia ikitoka mara nyingi ni matokeo: mtoto akilia anameza hewa, hewa inamjaza tumbo, analia zaidi. Kwa hiyo jina "gesi" ni nusu ya habari.

Nikwambie na jambo ambalo hutalipenda. Kilio hiki hupanda kuanzia wiki ya pili au ya tatu, kilele chake ni kama wiki ya sita, kisha hushuka. Wengi huacha wakifika miezi mitatu au minne. Wewe uko siku ya 22, bado unapanda mlima.

Mbaazi mrudishieni mzazi leo hii. Gesi inayotokea kwenye utumbo wa mama inabaki kwenye utumbo wa mama, haina njia ya kwenda kwenye titi. Wapo watoto wachache ambao protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama inawasumbua, lakini hao mara nyingi huonyesha na mengine: damu au ute kwenye choo, vipele vikavu, kutapika sana, uzito hausogei. Hilo linaamuliwa na daktari, haliamuliwi jikoni.

Halafu angalieni anavyonyonya. Mdomo uwe wazi kama anapiga miayo, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani ya mdomo. Ukisikia mlio wa "ta, ta, ta" kama mtu anayesikitika kwa ulimi, anavuta hewa. Amalize titi moja ndipo apewe jingine. Maziwa ya mwanzo ni mepesi na yana mafuta kidogo, ya mwishoni ni mazito yenye mafuta.

Na joto jamani. Huu ni mwezi wa kwanza, Mtwara inachemka, nawaona watoto wanaletwa kliniki wamevaa kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi juu. Wewe ungelia? Mguse shingoni kwa nyuma. Pakiwa na jasho, mpunguzie.

Sasa ya kukimbiza, usiku wowote, bila kusubiri uzi huu: amekataa kunyonya au ananyonya kwa unyonge; joto la 37.5 au zaidi, au mwili umepoa sana, ametapika matapishi ya kijani, tumbo limevimba na limekuwa gumu hata akiwa amenyamaza, damu kwenye choo, degedege, anapumua kwa kasi, pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, manjano imefika viganjani na nyayoni, kitovu kinatoa usaha au ngozi yake imekuwa nyekundu, uvimbe kwenye kinena ambao haurudi ndani, au kilio kimebadilika ghafla, kimekuwa chembamba na cha unyonge. Anayetapika kwa nguvu, maziwa yanaruka mbali kila anaponyonya, na yeye apelekwe mapema. Kichanga wa mwezi mmoja hatibiwi homa nyumbani.

#6 Mzee wa Mitwero

Mnawadharau wazee. Mizizi hiyo sisi sote tumekunywa na tumechanjwa, mbona tupo? Hospitali walikuja juzi tu, mchango walikuta unatibiwa.

#7 Mama wa Wanne

Shikamoo mzee wangu. Tupo sisi tuliopo. Waliozikwa hawana simu ya kuchangia uzi.

#8 Nesi wa Zamu

Mzee, shikamoo zangu nyingi, na sikatai yote. Kumkanda, kumbeba, kumwimbia, kanga ya joto, hayo bibi zetu waliyajua kabla ya mimi kuvaa gauni jeupe. Ugomvi wangu ni kinachoingia mdomoni na wembe unaogusa ngozi. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Mizizi iliyochemshwa hakuna anayejua nguvu yake, na ini na figo za siku 22 bado changa. Maji yenyewe ya kuchemshia, huko juu Newala na Tandahimba tunajua yanavyopatikana kwa taabu na yanavyokaa kwenye mapipa. Asali, chini ya mwaka mmoja, marufuku, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza mtoto mpaka pumzi. Na wale wanaosema mtoto analia kwa sababu ya kimeo akakatwe, damu inaweza isikatike, na pepopunda haijali kama mzee alikuwa na nia njema.

#9 Mfamasia wa Masasi

Nichangie kwenye zile chupa. Gripe water ni kitu cha zamani, mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, aliitengeneza mwaka 1851. Ya asili ilikuwa na mafuta ya shibiti, bikaboneti, sukari na pombe. Ndiyo, pombe. Ukimpa mtu pombe na sukari lazima anyamaze. Zinazouzwa siku hizi nyingi hazina pombe, lakini soma kibandiko, na ushahidi kwamba zinatibu kilio hiki haupo wa kuridhisha. Matone ya gesi yana simethikoni, ambayo haina madhara makubwa ila ilipolinganishwa na dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani kwa watoto wa aina hii haikuishinda. Kuna bakteria wazuri, Lactobacillus reuteri, ambao tafiti zimeonyesha kuwapunguzia kilio baadhi ya watoto wanaonyonya. Usinunue bila kumuuliza daktari, na usishangae ukiikosa kwenye maduka yetu.

Muuzaji aliyekupa bila kuuliza umri, alikosea.

#10 Baba wa Chuno (mrejesho)

Wakuu, jana tulikwenda kliniki. Bodaboda nilikataa, tulichukua bajaji, na mama mkwe akasema anakuja. Moyo ukanidunda.

Mtoto kapimwa: kilo 3.8. Nesi akaichukua kadi, akaweka alama, akaunganisha mstari kwa kalamu, akamgeuzia mama mkwe siyo mimi. "Bibi, unaona huu mstari unavyopanda? Huyu mtoto wako anakula." Mama mkwe hajui kusoma sana lakini mstari unaokwenda juu aliuelewa. Nilimwona mabega yakishuka.

Halafu akamwambia mke wangu, nyonyesha nikuone. Akavuta stuli, akakaa, hakusema kitu. Kama dakika mbili nzima. Kisha akauliza, "mnasikia?" Tukanyamaza wote. Ta. Ta. Ta. Ule mlio niliuona mzuri siku zote, nikidhani ndio anafaidi! Mtoto alikuwa kashika chuchu tu. Akamtoa kwa kumwingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo, akamgeuza tumbo lielekee tumbo la mama, akasubiri afungue mdomo wote, akamsogeza mtoto kwenye titi, siyo titi kwa mtoto. Mlio ukakata. Badala yake ikawa kimya na mmezo, kimya na mmezo. Mke wangu akasema haumii. Wiki tatu alikuwa anaumia na hakuniambia, akidhani ndivyo kunyonyesha kulivyo.

Mizizi: nesi hakugomba. Alimwuliza mama mkwe, "wewe ukimbeba hivyo mgongoni na mbeleko ananyamaza?" Akasema ananyamaza. "Basi hiyo ndiyo dawa yako, mizizi wacha ikae." Tumerudi nyumbani kitambaa kimewekwa juu ya kabati. Hakijatupwa, lakini kiko juu ya kabati.

#11 Korosho Ghafi

Juu ya kabati ni ushindi mkuu. Usidai zaidi.

#12 Binti Nanyumbu

Nimesoma uzi wote nimeona mtoto, bibi na baba. Mzazi mwenyewe mmemtaja akilia mara moja tu mkapita.

Mimi wa kwangu alilia hivyo, na usiku mmoja nikiwa peke yangu nilijikuta nimemshika mabegani na mikono inatetemeka. Nilimweka kitandani chali, nikatoka nje, nikakaa kwenye kinu nikahesabu taa za majirani. Dakika tano. Alikuwa bado analia niliporudi lakini mimi nilikuwa nimerudi mtu. Kichanga hatikiswi, hata mara moja, ubongo wake haustahimili. Kumwacha akilia dakika tano mahali salama hakumdhuru.

Kaka, mpokee mtoto saa 1 mpaka saa 4, mkeo alale masaa matatu mfululizo mlango umefungwa. Na kama huzuni yake inapita wiki mbili, hataki kula, hataki kumtazama mtoto, au anasema maneno ya kujidhuru, usingoje, mrudishe kwa nesi yuleyule.

#13 Baba wa Chuno (mrejesho wa pili)

Dada Binti Nanyumbu, nilikusoma nikaona aibu. Tumepanga zamu tangu siku ile.

Sasa mtoto ana wiki sita na Nesi wa Zamu alisema kweli. Baada ya kliniki zilipita siku kama kumi za nafuu, nikajiona fundi. Juzi umeme ukakatika, feni ikazima, akaanza saa 12 jioni akamaliza saa 8. Nimetembea uwanjani na mtoto mkononi mpaka nimejua kila jiwe. Jirani mvuvi anayetoka alfajiri akaniambia, "bado mnavua nyie?" Nikamwambia tunavua.

Kilichosaidia ni kumvua nguo abaki na nepi, kumfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na mama mkwe kumweka mgongoni akitwanga kinu kitupu. Kitupu kabisa, hakina kitu ndani. Ule mdundo ndio anaoutaka.

#14 Baba wa Chuno (mrejesho wa tatu)

Miezi mitatu na siku nne. Wakuu, amenyamaza. Hakupunguza kidogo kidogo kama nilivyodhani. Jumanne alilia nusu saa, Jumatano hakulia, Alhamisi tulikaa tumejiandaa kama watu wanaosubiri mgeni, hakuja.

Sasa vita mpya. Mama mkwe anawaambia watu Newala kwamba ni kinu chake. Mwenye duka la dawa kaniona akauliza chupa imefanya kazi eeh? Shangazi yangu wa Kilwa alikuwa kamtumia kamba nyeusi ya kiunoni wiki iliyopita tu, anadai shukrani zake. Kamba imevaliwa siku sita! Nimeelewa kwa nini kila mtu mjini ana dawa ya mchango inayoponya: wote wanaipeleka mtoto akiwa mwezi wa tatu.

Kwa mlio wa "ta, ta" lakini sibishani na mtu. Ule niliusikia kwa masikio yangu ukikatika.

#15 Mzee wa Mitwero

Mjukuu hongera. Kinu nimekipenda.

#16 Kijana wa Tandahimba

Wakuu nimeuona huu uzi nimechelewa. Wa kwangu ana wiki nne, leo siku ya tisa hatulali. Baba wa Chuno, ile gripe water iliyobaki unauza shilingi ngapi?

#17 Baba wa Chuno

Nimeimwaga ndugu yangu. Kinu ndicho ninacho, ila mwenyewe karudi nacho Newala. Kwako si mbali, nikupe namba ya mama mkwe inboksi?